Ramani Tuliyoichora kwa Chokaa

Siku yangu ya kwanza kazini niliharibu karatasi tatu kabla ya chai ya saa nne. Ilikuwa Kajiado, mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika ofisi ya ramani ambayo jina lake nitaliacha, kwa kuwa baadhi ya waliokuwemo bado wanaishi na wajukuu wao wanajua kusoma. Sikuwa msichana wa kutoka shule. Nilikuwa nimeshona sare za wanafunzi kule Machakos kwa miaka mingi, kisha nikasomea uchoraji wa ramani katika chuo cha ufundi, na nilidhani mkono uliozoea mkasi ungeizoea kalamu siku hiyo hiyo.

Mkuu wa Chumba cha Michoro, mzee kutoka Kakamega aliyevaa koti jeupe kama daktari, aliziangalia karatasi zangu moja moja. Kisha akaniambia, "Mama Mutheu, nguo ikiharibika unatoa uzi unashona tena. Hapa ukikosea, mtu anajenga jikoni yake kwa barabara. Anza upya."

Nilianza upya. Mwezi mzima nilichora mistari mitupu. Nyinyi vijana mnaochora kwa kompyuta hamwezi kujua kazi ile ilivyokuwa. Tulichora kwa wino kwenye karatasi ngumu inayopitisha mwanga, na kila kalamu ilikuwa na unene wake: nyembamba ya mipaka ya ploti, nene ya barabara. Ukikosea, unaukwangua wino kwa wembe, polepole, uutoe bila kutoboa karatasi. Nakala zilitoka kwenye mashine ya amonia, na hiyo amonia ilitutoa machozi hata siku ambazo hatukuwa na huzuni. Skeli yetu ya kawaida ilikuwa sentimita moja kwa mita ishirini na tano, yaani kipande cha karatasi kisichozidi ukucha wa kidole gumba kilitosha familia nzima pamoja na kuku wao.

Nilipokomaa nilipelekwa Namanga, chini ya Msimamizi wa Mji, mtu mkali aliyekagua viatu vyetu kila asubuhi. Huko nilichora maegesho ya malori na vibanda vya akina mama wauza shanga. Vibanda vilijengwa kama nilivyochora, na wiki hiyo hiyo akina mama wakavihama. Nilienda kuuliza. Mmoja wao alinikazia macho. "Hii karatasi yako inajua jua inatoka upande gani? Asubuhi yote iko kwa macho ya mteja." Nilikuwa nimevichora bila kukanyaga pale hata mara moja. Tangu siku hiyo sikuchora mahali ambapo sijapakanyaga, na wakubwa wengi walinichukia kwa sababu ya gharama ya usafiri.

Kisha nikahamishiwa Kitengela, na hapo ndipo kazi yangu ilipopata maana.

Mji ulikuwa unafura kama unga wa mandazi. Kila mwezi ploti mpya, kila ploti vyumba vya kupangisha, na hakuna aliyekumbuka kwamba watu huwa na watoto. Karibu na mto palikuwa na shimo kubwa ambamo murram, udongo wa changarawe wa kutengenezea barabara, ilikuwa imechimbwa, likaachwa hivyo. Vijana walicheza mpira humo chini kwa sababu upepo haukuwafikia. Ofisa wa Michezo, bwana mrefu wa Busia aliyewahi kucheza voliboli, alinipeleka tukasimama ukingoni.

"Madam, hapa hakuna haja ya kujenga stendi," alisema. "Hao watu wa barabara wametuchimbia stadium ya bure."

Alikuwa amesema kweli. Tulichora ngazi za kukalia zikikatwa kwenye kuta za shimo, uwanja wa mpira chini, uwanja wa netiboli juu, na njia ya watu kutembea kando ya mto. Kwa kuwa shimo hukusanya maji ya mvua, tulichora mtaro wa kuyatoa kutoka sakafuni hadi mtoni. Sikuwa nimewahi kuona uwanja wa namna hiyo popote, na nilijivunia kila mstari.

Mzee Parsaloi, ambaye ng'ombe wake walipita hapo kila adhuhuri kwenda kunywa, alikuja kuiona rasimu yetu. Tulikuwa tumeweka ua juu ya njia yao. "Ng'ombe zangu hazisomi hii kitu," alisema. Tukarudi mezani. Tuliacha njia pana kati ya netiboli na shimo, tukaichora kama sehemu halali ya uwanja. Mtaro ulipochimbwa, ngazi zikaanza kukatwa na michezo ikaanza, wasichana walisimama mpira mkononi mpaka ndama wa mwisho apite, kisha refa akapiga kipenga wakaendelea.

Halafu akaja Ofisa Mipango mpya. Hakuwa amekaa nasi muda mrefu aliponiita, akaweka mchoro wa penseli juu ya meza yangu. Uwanja wote ulikuwa umejaa ploti.

"Mama, hii space ni kubwa sana ya mpira. Chora hii."

"Na watoto watacheza wapi, mkubwa?"

"Watoto watakua."

Nilichora. Siwezi kuwadanganya. Binti yangu Mutheu alikuwa sekondari na mshahara ulikuwa mmoja. Nilichora kwa ustadi wangu wote, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Sheria ilitaka mpango wowote ubandikwe hadharani ili wananchi walete pingamizi kabla haujapitishwa. Wetu ulibandikwa kwenye ukumbi wa ofisi kule Kajiado, nyuma ya mlango ambao mchana kutwa huwa wazi. Ukitaka kuuona mpango lazima kwanza ufunge mlango, na nani angefunga mlango wa serikali? Siku za pingamizi zilikuwa zinakwisha. Watu wa Kitengela hawakuwa na habari, na hata wangekuwa nayo, wangapi wangesoma ramani?

Nilizunguka na jambo hilo kichwani siku mbili. Siku ya tatu nikamwendea Ofisa wa Michezo, nikamwuliza ana chokaa kiasi gani ya kuchorea viwanja. Aliniangalia, akaelewa kabla sijamaliza.

Jumamosi tulifika alfajiri. Yeye alivuta utepe wa kupimia, mimi nilisoma vipimo kwenye nakala, na wachezaji wawili wa netiboli wakashika kamba. Chokaa tuliimwaga kupitia mkebe wa mafuta ya kupikia tuliotoboa matundu chini. Tuliichora ile ramani ya ploti juu ya ardhi yenyewe, mita kwa mita, kila ploti na namba yake kubwa. Mgongo uliniuma hadi nikapiga magoti, lakini hatukuacha.

Jumapili baada ya ibada watu wakaja kutazama mechi. Golikipa alifika kwenye goli lake akakuta mistari imekatiza miguuni pake. "Sasa mimi nisimame sebuleni ama jikoni?" Watu wakacheka. Kisha kicheko kikaisha, maana kila mmoja alianza kufuata mistari kwa macho na kuona ilikokwenda.

"Nani amefanya hii?" mama mmoja akauliza.

"Ni ile ramani imebandikwa Kajiado," nikajibu. "Sikuongeza kitu, sikupunguza."

Mzee Parsaloi alikuwa amesimama katikati ya ploti namba kumi na mbili, ng'ombe wake wakiwa wamemzunguka na kwato nyeupe kwa chokaa. "Nani anataka kulala kwa njia ya ng'ombe?" aliuliza, na hakuwa anatania.

Wiki hiyo barua ziliandikwa mezani, kanisani na juu ya magoti. Waliotoka Ukambani, waliotoka magharibi, Wamaasai wenyeji, wote. Wasiojua kuandika waliweka dole gumba. Walikuja Kajiado kwa basi la kukodi, wakajaa ukumbini, na Mzee Parsaloi akausukuma ule mlango kwa fimbo yake ukafungika. Ndipo wakauona mpango ukutani.

Ofisa Mipango aliniita Kajiado kwa hasira. "Nani alipeleka ramani Kitengela?"

"Ni ya umma, mkubwa. Imebandikwa."

"Imebandikwa Kajiado!"

"Na mimi nikaibandika Kitengela. Huko hakuna ukuta, nikatumia chini."

Mpango ulirudishwa mezani kwangu urekebishwe. Kazi ya kukwangua zile ploti kwa wembe niliifanya mwenyewe, mchana mzima, na sijawahi kufurahia kazi namna ile. Baada ya mwezi nilipata barua ya uhamisho kwenda Loitokitok, "kwa manufaa ya utumishi". Kule Entarara nilichora mifereji ya kumwagilia mashamba chini ya Ofisa wa Maji aliyekuwa mpole na msahaulifu, nikakaa miaka mingi, bila kupandishwa cheo hata ngazi moja. Walinirudisha Kajiado wakati kompyuta zimeshaingia, nikafundishwa kushika kipanya na mkubwa aliyelingana na Mutheu, na hapo ndipo nilipofikisha umri wa kustaafu. Walinipa keki na saa ya ukutani.

Mkinialika kwenye vyuo vyenu mnapenda hadithi hii iishie hapo. Mnapiga makofi. Sasa niseme ninaloliruka kila mara.

Ile ramani ya Ofisa Mipango ilikuwa na ploti moja zaidi, ndefu, kando ya mto. Hiyo sikuichora kwa chokaa. Chokaa ilikuwa imebaki kidogo, nikataka magoli na njia ya ng'ombe vionekane vizuri, na nikajiambia kwamba sheria hairuhusu mtu kujenga kingoni mwa mto. Nilikuwa nimeisomea sheria hiyo. Kwa hiyo watu hawakuiona ploti ile ardhini, kule ukutani Kajiado hakuna aliyeitambua, na hakuna barua hata moja iliyoitaja. Nilipokuwa nakwangua niliifikia, nikauliza. Ofisa Mipango akasema, "Hiyo hakuna mtu amelalamika." Niliogopa kuharibu ushindi niliokuwa nao mkononi. Nikainua wembe, nikaiacha.

Nikiwa Loitokitok ukuta ulijengwa pale, ukaziba mtaro. Niliporudi kuishi Kitengela baada ya kustaafu, nilikuta shimo limejaa maji ya mvua, goli moja limezama nusu. Timu zilikuwa zimeanza kucheza kwingine. Uwanja usiochezewa hauchukui muda kupata mwenyewe, hilo mimi nimeliona kwenye karatasi nyingi.

Mzee Parsaloi alinikuta hapo nimesimama. Alikuwa amezeeka, na ng'ombe wake sasa wanazunguka mbali kufika majini.

"Yeyo, takwenya," alinisalimu kwa Kimaasai, akiniita mama.

"Iko."

Hakuzungusha maneno. "Ile siku ulituonyesha kila kitu, na kila kitu tuliona tulipigania. Hii ya mto, mbona hukutuonyesha?"

Nilimwambia nilikosea. Nilimwambia nilidhani sheria peke yake ingetosha, na kwamba baadaye niliogopa. Machozi yalinitoka na sikuyaficha. Aliniacha nimalize.

"Uko na ile karatasi ya kwanza? Ya kabla ya ploti?"

"Niko nayo. Na mtaro umechorwa mpaka mtoni."

"Basi si ulete chokaa."

Jumamosi iliyofuata tulikuwa watu wengi kuliko mara ya kwanza, na wengi hawakuwa wamezaliwa siku ile. Tuliuchora mtaro kuanzia ukingo wa maji, mita kwa mita, nami nikisoma vipimo kwa miwani. Mstari ulipogonga ukuta, mkebe wa kumwagia chini haukufaa tena. Nikaomba brashi.