Pole Haina Kiingereza

Kofi la kwanza lilimpata Wawira shavuni kabla hajamaliza kusema sori. La pili halikuwa kofi tena, ilikuwa ngumi, na iliondoka na meno yake mawili. Alipoanguka kando ya kitanda, mgonjwa akashuka akamfuata chini, akampiga mateke ya mbavu huku akifoka, "Sori ya nini? Umenifanya nini?" Na Wawira, mtoto wa watu, akiwa amelalia damu yake mwenyewe, akazidi kumwambia sori, sori, mpaka walinzi walipoona vyema kuja.

Mgonjwa huyo aliitwa Haskell. Alikuwa ameletwa idara ya dharura ya hospitali moja kusini mwa Dallas, Jumapili mchana, pombe ikimnuka na mkono wa kulia umevunjika kwa kupiga ukuta wa nyumba yake. Wawira, muuguzi kutoka Embu aliyekuwa akiishi mji jirani wa DeSoto, aliushika mkono ule ili aukague. Haskell akapiga yowe, na Wawira akasema neno ambalo mtu aliyekulia Kiswahili hulisema hata akiwa usingizini. Moyoni alisema pole. Mdomoni ikatoka sori, kwa sababu Kiingereza hakikumpa neno jingine.

Mdomo huponza kichwa, wahenga walisema, lakini huu ulitaka kuponza na leseni. Kamera ya ukutani ilirekodi mpaka sauti. Wakili wa Haskell aliisikiliza akafurahi sana: muuguzi anaomba msamaha, basi amekiri kwamba aliminya mkono uliovunjika kwa makusudi, na mteja wake alikuwa anajitetea tu. Malalamiko yakafika kwenye bodi ya wauguzi, inayotoa leseni. Meneja wa hospitali akamwita Wawira, uso bado umevimba, akampaka mafuta kwa mgongo wa chupa: apumzike nyumbani, asiongee na mtu, asubiri uamuzi. Leseni hiyo Wawira aliisomea miaka mingi huku akiosha wazee wa watu katika nyumba za kutunzia wazee, na hakuwa na kazi nyingine aliyoipenda duniani.

Rafiki yake Elirehema, Mpare mmoja aliyekuwa akifanya naye kazi, alimshauri anyamaze. "Uta-lose kila kitu, dada," alisema. "Hawa watu wana mawakili, wewe una chapati tu."

Aliyemkataza kunyamaza alikuwa Precious Tolliver, mwakilishi wao katika bunge la jimbo la Texas. Mama huyu alikuwa bwana afya kabla ya siasa, kama mwanamke anaweza kuitwa bwana afya, na kiburi chake kilikuwa cha kazi. Alipigania watoto waliokuwa wakikohoa karibu na kiwanda cha saruji mpaka kiwanda kikawekewa vichujio. Alizuia matingatinga yasing'oe miti ya vilima vya Cedar Hill, na mtu mmoja aliyeudhiwa na miti hiyo kubaki hai akaja akamimina risasi kwenye dirisha la ofisi yake. Tolliver akaweka kioo kipya, akaendelea na mkutano wake. Jumamosi alisimama nje ya makanisa akiandikisha wapiga kura, na hapo ndipo alipomwandikisha Wawira, wiki ileile aliyopata uraia.

Sasa alikuwa na mswada wa kuzuia hospitali isimwadhibu muuguzi aliyepigwa akajitokeza kusema. Alikuja DeSoto, akanywa chai ya maziwa vikombe viwili, akamwomba Wawira aende kutoa ushahidi mbele ya kamati ya bunge iliyokuwa ikikutana Houston. Alimpa sharti moja tu: akiwa mle asitamke sori, hata mtu akijikwaa mbele yake.

Elirehema ndiye aliyeendesha gari hadi Houston, akinung'unika njia nzima. Ukumbi ulikuwa umejaa, na Haskell alikaa safu ya mbele na wakili wake, mkono umepona, shati limepigwa pasi. Mjumbe mmoja wa kamati, mzee wa sauti laini aliyekuwa upande wa hospitali, akaagiza ile rekodi ichezwe. Mateke yakasikika vizuri kabisa kwenye vipaza sauti, moja baada ya jingine, na kati ya teke na teke ikasikika sauti ya Wawira ikisema sori. Mbavu zake zikaanza kuuma upya. Alitamani kutoka.

"Umeomba msamaha tena na tena," mzee akasema. "Ulikuwa umemkosea nini?"

Wawira akawaeleza. Kwao mtu akijikwaa njiani unampa pole, ingawa si wewe uliyeweka jiwe. Anayetoka kazini unampa pole, mgonjwa unampa pole, aliyefiwa unampa pole. Si kukiri kosa, ni kumwambia mwenzako umeona kwamba anaumia.

"Unataka tuamini ulikuwa unamhurumia mtu anayekupiga?"

"Mkono wake ulikuwa umevunjika," Wawira akajibu. "Na ndio huo aliokuwa ananipigia."

Kikao kilipoahirishwa, wajumbe watatu waliokuwa wakisitasita walimfuata Tolliver na kumwahidi kura zao, na Tolliver akamnong'oneza Wawira kwamba baada ya ushahidi ule hata bodi ingeona haya kumnyang'anya leseni. Wakatoka wote nje ya ukumbi, Elirehema akilia na kucheka.

Kwenye korido kulikuwa na waandishi wa habari. Wakili akamsukuma Haskell kidogo mgongoni, naye akaja amenyoosha mkono, akitazama kamera zaidi ya alivyomtazama Wawira. "Sori kwa yaliyokupata," alisema.

Kiingereza kina neno moja. Sisi tunayo mawili: mwenye kosa huomba samahani, asiye na kosa hutoa pole. Na Wawira alisikia wazi ni lipi alilopewa. Mtu aliyemng'oa meno alikuwa anampa pole, kana kwamba aliteleza bafuni. Hasira hasara, lakini nani huikumbuka damu ikishachemka? Hakuwa amempiga mtu tangu shule ya msingi. Ngumi yake ikatua katikati ya uso wa Haskell, pua ikavunjika kwa sauti iliyosikika mpaka mlangoni, na damu ikaruka kwenye shati lile na kwenye viatu vya mwandishi mmoja.

Walinzi wakamdaka Wawira, wakamkandamiza ukutani. Wakili, hata leso hajampa mteja wake, akamgeukia Tolliver na kusema kwamba mambo yangeweza kuishia hapo: muuguzi aombe msamaha mbele ya kamera, na wao watayafuta yote, pamoja na malalamiko yaliyo kwenye bodi.

Tolliver akamsogelea Wawira. "Neno moja, Wawira," akasema. "Kwa ajili ya leseni yako. Kwa ajili ya mswada. Mwambie sori, twende nyumbani."

Wawira akamtazama Haskell, aliyekuwa ameketi sakafuni akishika pua.

"Siku ile nilimpa zote, Mheshimiwa," akasema. "Sijabaki nayo hata moja."