Mwano Ndani ya Mguu

Harufu naikumbuka kabla ya uso wake. Mguu wa mume wangu ulikuwa umevimba toka kifundo hadi gotini, ngozi inang'aa kama ya chura, usaha mzito wa njano ukichuruzika chini ya kitambaa. Alijikata na sururu akichimba dhahabu porini Geita, akarudi kwa lori hadi kwetu, nje ya Shinyanga. Jeraha lenyewe halikuzidi urefu wa kidole.

Chakula nilimsogezea kwa fimbo. Nikibadilisha kitambaa, nilitema mate.

"Unatema wewe, na mwenye mguu ni mimi?" aliuliza, akacheka. Mimi sikucheka.

Mama mkwe akasema humo imefungwa damu chafu, itolewe kwa chale. Zahanati ilikuwa mwendo wa nusu siku, na mimi nilitaka harufu ile iishe. Nikachukua wembe. Nilimchanja kuzunguka uvimbe, tukapaka unga mweusi wa dawa uliochanganywa na samli. Kesho yake uvimbe ukapanda pajani. Nikachanja tena, juu zaidi.

Siku ya nne tulimfikisha zahanati kwa mkokoteni wa ng'ombe. Mganga, Msukuma mwenzetu, alizitazama chale, kisha akanitazama mimi.

"Nani kachanja?"

"Mimi."

Akanieleza taratibu. Mwili una chembe za ulinzi, na juu ya kila chembe zimesimama protini kama walinzi mlangoni. Mlinzi akiguswa na uchafu, hupeleka habari ndani, na chembe inapiga mwano, lile yowe letu ng'ombe wakiibwa, ambalo kila mwanamume hulikimbilia na silaha. Chembe nyingine zinakuja mbio. Joto, uvimbe na usaha ndiyo kazi yao.

"Sasa mama, kila wembe wako umeingiza uchafu mpya na kupiga mwano mwingine. Watu wakija wengi mno, wanakanyaga shamba lote."

"Huwezi kuwatuliza?"

"Nitamchoma sindano. Lakini mmechelewa."

Alifariki kesho yake mchana. Msibani wanawake walinisifu kwamba nilimuuguza vizuri. Nilimuuguza nimeziba pua. Mpaka leo mkono huu ulioshika wembe nauosha mara mbili kabla ya kula. Usaha ule nilioutemea mate mbele ya macho yake ndio uliokuja kumsaidia.