Nyumba ya Mfano ya Tenke

Wakati wa Wabelgiji, karani wa Kapata, kambi yetu ya mgodi, aliyetaka kuhesabiwa mstaarabu alipaswa pia kujua kutembea. Si kutembea kwa miguu, hiyo tuliijua. Ni kutembea kwa kutazama vitu. Mume wangu alikuwa anaitafuta ile kadi ya ustaarabu, na kamati iliyogawa kadi ikatupeleka Tenke kwa treni Jumapili moja, kila karani na mke wake, tukaone maajabu ya reli.

Mimi nilipanda kwa sababu yangu. Wiki tatu kabla, barua ilikuwa imefika kutoka kwetu Kasai: mama yetu amekufa. Yaya, dada yangu mkubwa, alikuwa ameolewa na fundi wa reli huko Tenke na hakujua kusoma. Wala kwetu habari ya kifo haitumwi kwenye karatasi ili jirani amsomee mtu. Unakwenda mwenyewe, unakaa chini, unasema. Na mdogo haanzi kulia kabla ya mkubwa. Niliomba kibali cha kusafiri, nikajibiwa ofisini kwamba marehemu keshazikwa, haraka ya nini? Basi wiki tatu nilipika, nikafua, nikaimba kanisani, na kilio sijakianza.

Maajabu yenyewe sasa! Tulionyeshwa tanki la maji. Kapata tulikuwa na tanki, tena letu halikuvuja. Tulionyeshwa kichwa cha treni cha zamani kilichopakwa rangi mpya, na Madamu aliyetuongoza, mke wa mkubwa fulani, akatueleza kwamba hicho ndicho kilichowaleta wazazi wetu kutoka Kasai kwenye maendeleo. Baba yangu aliletwa ndani ya behewa la mizigo pamoja na magunia. Hilo Madamu hakulitaja, na makarani wote wakaitikia, ndiyo, ndiyo. Hata bufeti ya stesheni tuliiona: kupitia dirishani, maana kuingia kulikuwa kwa wazungu tu. Tulipanga foleni kutazama watu wakila kuku. Mume wangu aliyaandika yote kwenye kijitabu, na mimi nilimwonea haya.

“Tata,” nilimnong’oneza, “tuende kwa yaya. Saa inaisha.”

“Ngoja, mama. Programu haiyaisha.”

Programu! Mtu mzima na masharubu yake, anaogopa karatasi.

Mwisho tulipelekwa kambi ya wafanyakazi wa reli kuona nyumba ya mfano, ambayo kila mke alitakiwa kuiiga. Kitanda kimetandikwa, chandarua kimefungwa kwa utepe, viti vinne ambavyo havijawahi kukaliwa. Na kando ya kitanda, amevaa aproni nyeupe, mikono imekunjwa tumboni, alikuwa amesimamishwa mwenye nyumba. Alikuwa yaya.

Aliniona. Uso ukamchanua, kisha akauzima haraka, maana alikuwa ameagizwa asiseme na wageni. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema. Hawakujua kwamba siku moja mwenyeji atageuzwa kabati ndani ya nyumba yake, na watu wapite wakimkagua. Hasira ilinipanda.

“Hapana gusa kitu,” Madamu alikuwa akituambia kwa Kiswahili chake. “Hapana ikala pa kiti.”

Kwa hiyo nilikaa chini. Nilikaa sakafuni na gauni langu la Jumapili, mbele ya kitanda, nikanyoosha miguu na kuvua kitambaa kichwani. Wanawake wenzangu waliokuwa kwenye foleni wakaanza kurudi nyuma, kwa kuwa hakuna mwanamke wa kwetu asiyejua mkao ule wa msiba.

“Mama, simama!” Madamu alisema. “Nguo inachafuka. Kama unachoka, basi, ikala pa kiti.”

Yaya hakumtazama. Aliniuliza mimi, kwa sauti ndogo, “Ni nani?”

“Ni mama, yaya.”

Akafungua aproni, akaitupa juu ya kile kitanda. “Madamu,” akasema, “mutoke na bageni yenu. Humu muko kilio.”

Wanawake walikuwa wameshaanza kutoka. Madamu alitoka akirudi kinyumenyume, na yaya akafunga mlango. Kwa nje nikamsikia Madamu akimwambia mume wangu aamuru mlango ufunguliwe, kwani kundi la pili limeshafika na wakubwa wa kamati wamo. Nilifumba macho. Nilijua anaitaka ile kadi kuliko chakula, na nilikuwa nimeshajiandaa kumchukia.

Kisha mbao za mlango zikalia, kana kwamba mtu anauegemea akishuka kukaa chini.

“Madamu,” nikamsikia akisema, “ni mama mukwe wangu. Bangoje.”

Ndipo yaya akaketi kando yangu, akanyoosha miguu, akaanza kulia.