Kanda ya Fundi Redio

Fundi redio wa sokoni Mbulu hakupi redio yako mpaka umesikiliza kanda yake. Aliikuta kwenye mfuko wa koti la mtumba, haina jina, na ndiyo anayojaribia kila spika: magitaa ya umeme yanayokimbizana na Mzungu anayepandisha sauti hadi unamwonea huruma. Wimbo ukifika kiitikio, bisibisi yake inasimama hewani, anakukazia macho akisubiri useme. Paskalina muuza maharage alisema ni kama nyuki waliochokozwa. "Nyuki, ndiyo," fundi akasema, amefurahi kweli. "Sasa ngoja wimbo wa nne." Mimi nilisema ngoma zina haraka mno. Akairudisha kanda nyuma kwa kalamu ya biki, kuokoa betri, ili nisikilize upya.

Jumamosi akaingia mwalimu wa kwaya, mzee Baltazar, ambaye hajawahi kusifu sauti ya mtu. Fundi huyu, ambaye huzima redio kila akiingia mkubwa ili atoe shikamoo, safari hii alibonyeza kanda kabla mzee hajavuka kizingiti. Tukainamisha vichwa. Mzee akabaki amesimama, kofia mkononi, kidole kikifuata mapigo kwenye ukingo wa meza, mpaka upande mzima ukaisha. Bisibisi ya fundi ilikuwa bado hewani.

"Hujaniamkia," mzee akasema.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Geuza upande wa pili."