Maji ya Olasiti Yaliyogoma Kuwa Mekundu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa koti jeupe lililonizidi mikono na beseni la vyombo vya kioo. Msimamizi wa Maabara, Singasinga mtaratibu mzaliwa wa Arusha, alinitazama nikiosha mpaka nikamaliza. Akasema, "Umeosha vizuri. Sasa rudia, mimi bado sijaamini." Nikajifunza kushuku. Kosa langu ni kwamba nilijifunza kushuku watu tu.

Maabara yetu ndogo ilikuwa Kijenge. Tulipima maji ya visima: floridi, ambayo sisi wa kuzunguka Mlima Meru tunaijua kwa rangi ya meno yetu, na madini ya chuma. Chuma kilikuwa mezani kwangu, nami nilikipima kwa bipiridini, unga mweupe wa chengachenga. Molekuli yake ni pete mbili zilizoungana, kila moja ina atomu ya naitrojeni. Naitrojeni hizo zikikaa jirani, hukibana chuma kama vidole viwili. Molekuli tatu zikishakizunguka, maji huwa mekundu. Wekundu ukikolea, chuma ni kingi.

Miaka ilipita, Msimamizi akastaafu, akaja Meneja wa Ubora, mama asiyependa maneno mengi. Wakati wake kilichimbwa kisima Olasiti. Sampuli zilichukuliwa na Loserian, mwenzetu wa miaka mingi. Nilipima, maji yakabaki meupe. Tukaandika kwamba hayana chuma.

Wiki iliyofuata akina mama wawili wa Olasiti walikuja na shati la shule lenye madoa ya kutu.

"Mama, shikamoo," mmoja aliniambia. "Hili tumelifulia maji mliyoyasifu."

Akili yangu ilikwenda moja kwa moja kwa Loserian. Nilikuwa nimemwona akicheka na mchimbaji wa kisima. Nikaanza kumchunguza: kwa nini gari lilichelewa siku ile? Kwa nini vizibo vya chupa vilikuwa vikavu? Nikampelekea Meneja mashaka yangu.

"Una ushahidi?" aliniuliza.

"Maji ya kule yana chuma. Aliyoleta hayana. Amechota kwingine."

Loserian alisimamishwa kazi siku hiyohiyo. Alipita mezani kwangu akiwa na mfuko wake, akatoka.

Nilikwenda Olasiti mwenyewe, nikachota kwa mkono wangu, nikapima. Meupe. Nikaamua kuijaribu dawa yenyewe. Niliyeyusha kipande cha msumari wenye kutu kwenye asidi, nikaipunguza asidi ukali, nikaongeza dawa ya kukiandaa chuma, kisha bipiridini. Maji hayo yalipaswa kuwa mekundu kama damu. Hayakubadilika.

Ile chupa ya bipiridini nilikuwa nimeifungua siku ile ile ya sampuli za Loserian. Nilichukua chembe nikaipasha moto. Bipiridini yetu huyeyuka kwenye nyuzi kama sabini. Hii ilipita mia ikiwa bado ngumu. Lebo ilikuwa sahihi, lakini ndani msambazaji alikuwa ametia ndugu wa bipiridini yetu: pete zilezile mbili, ila naitrojeni zimekaa ncha za mbali, haziwezi kukibana chuma kwa pamoja. Huyo ndiye malighafi ya dawa moja ya magugu ambayo wakulima wa kahawa wanaijua. Kwa kazi yetu hana faida.

Kila chupa mpya ilipaswa kujaribiwa kwanza kwa maji yenye chuma tunachokijua. Siku ile nilikuwa na haraka, nikaruka hatua hiyo. Nilimweleza Meneja yote.

"Nenda ukamwambie Loserian wewe mwenyewe," alisema. "Mimi nitakwenda Olasiti kuwaeleza."

Loserian alinisikiliza akiwa mlangoni kwake, hakunikaribisha ndani.

"Mama Elia," alisema, "mimi umenishuku wiki nzima. Chupa hukuishuku hata dakika moja."

Alirudi kazini, lakini hatukunywa tena chai pamoja.

Sasa nimestaafu, naishi Moshono. Vijana wa maabara hunipigia simu wakiuliza mbinu. Huwaambia waanze kwa kushuku mikono yao wenyewe. Mwezi uliopita nilikutana na Loserian sokoni. Alinisalimia vizuri, akaniulizia wanangu. Nilipomwomba tena msamaha, alitazama pembeni, akasema anawahi nyanya kabla hazijaisha.