Jicho Moja la Mama Majani

Nampenda mtoto wa kaka yangu, hilo lijulikane kwanza. Nimembeba mgongoni, nimemfuta kamasi, nimemchapa alipostahili. Kwa hiyo nikisema natamani kumvuta masikio mpaka yafike mabegani, asitokee mtu akasema shangazi ana wivu na mafanikio ya kijana. Sina wivu. Nina hasira, na hasira hii nimeimeza miezi kadhaa sasa kwa sababu mama yake amenikataza kuitema. Ninyi hamjakatazwa kusikia.

Mama yake ni wifi yangu, mjane wa kaka yangu. Tunakaa nyumba za jirani, ukuta kwa ukuta. Alikuwa fundi cherehani, akishona sare za shule, na nusu ya watoto wa mtaa huu wameketi darasani na kaptula zake. Lakini watu hawamwiti fundi. Wanamwita Mama Majani, na jina lilianza kama kejeli. Wenzake walipanda maua ya kuwaringishia wageni. Yeye ua wake wa nyuma aliupanda mnavu, mgagani, mlenda na mchunga, mboga za asili ambazo wengine walikuwa waking'oa na kutupa njiani.

"Wifi, siku hizi unafuga magugu?" nilimuuliza zamani hizo.

"Njoo jioni na sahani," akanijibu.

Nilienda na sahani. Tangu siku hiyo sikusema neno tena juu ya magugu.

Ua wenyewe haukuwa mkubwa. Ulianzia mlango wa jiko ukaishia ukutani, lakini hapakuwa na pembe iliyokaa bure. Maji ya kuoshea vyombo yalipita kwenye mfereji wa mchanga na mkaa yakaenda kunywesha matembele. Maganda ya jikoni yaliingia shimoni, yakaoza, yakarudi kwenye matuta. Dawa ya dukani haikuvuka kizingiti kile. Wadudu walikula kidogo, naye akasema waacheni, hata wao wana watoto. Na katika kila tuta aliacha shina moja lisiguswe na mtu. "Hilo ni la kuzaa," alikuwa akisema, na ole wako ulichume. Shina lilikomaa, likakauka, likamwaga mbegu lenyewe, na mvua ikija miche inajiotea bila kualikwa. Kwa hiyo hakuwahi kununua mbegu wala kuziweka kwenye chupa. Mbegu zake zote zilikuwa mle mle ardhini.

Mwisho wa ua ulisimama mkwaju. Marehemu kaka yangu aliishi akijigamba kuwa ameupanda yeye. Uongo mtupu! Alikuwa akimung'unya ukwaju pale ukutani, akatema kokwa, kokwa likaota. Lakini mume akishafariki, hata kutema kwake kunageuka kuwa kupanda. Wifi aliufagilia mti ule kila asubuhi, na ukwaju ulipozaa alitugawia mtaa mzima.

Kisha akapata mtoto wa jicho, macho yote mawili. Akawa anatuona kama anatutazama kupitia mvuke wa sufuria. Cherehani akaifunika kwa shuka, asiiguse tena. Bustani ndiyo hakuiacha. Alifunga kamba ya katani kutoka nguzo ya mlango wa jiko mpaka kwenye mkwaju, akaipiga mafundo: moja, hapa mnavu, mawili, mgagani, matatu, mlenda. Alitembea mkono mmoja ukiteleza kwenye kamba, akifika anainama, anafikicha jani, ananusa vidole, anachuma. Sikumwona hata siku moja akikosea. Mimi mwenye macho yangu mawili ndiye niliyewahi kung'oa mnavu nikidhani napalilia, nikafukuzwa kama kuku.

Siku moja akajikwaa kwenye ndoo, akaanguka, goti likachubuka. Kosa lilikuwa la ndoo na la aliyeiacha njiani. Lakini mwanawe alipopigiwa simu, kati ya yote tuliyomweleza alisikia maneno mawili tu: mama ameanguka.

Kijana anaishi mji mwingine, ana kazi nzuri ya ofisini, na sitamnyima haki yake: anamjali mama yake. Alituma ujumbe kwamba ameshaongea na daktari, aje atibiwe, jicho moja kwanza na la pili baadaye. Wifi alikataa. Kisu kwenye jicho? Toba! Nilimbembeleza mpaka mate yakanikauka, hadi nikagusa palipouma.

"Wifi, utauona mkwaju ukichanua."

Akageuza uso kuelekea mkwajuni. Kisha akasema, "Unajua nimesahau maua yake yana rangi gani?"

"Yana u—"

"Usiniambie! Nitakwenda kujionea mwenyewe."

Basi, hicho ndicho kilichompandisha kitanda cha hospitali. Si kusoma, si televisheni, wala kuziona sura zetu zilizozeeka. Alitaka kuiona bustani yake.

Tulienda wote wawili, mimi nikiwa mshika mkono. Kesho yake baada ya upasuaji wakamfungua bandeji, na mtu wa kwanza aliyemwona ni mwanawe. Alimtazama weee, akamgusa kichwani. "Mwanangu, una mvi!" Kijana akacheka, machozi yakimtoka. Mimi nililia waziwazi, sina aibu ya kusema.

Daktari akaamuru asiiname, asibebe kitu kizito, tukae kwanza mpaka jicho litulie. Tukakaa kwa kijana wiki kadhaa. Kila siku wifi alikuwa na swali lilelile.

"Mwanangu, nani anamwagilia kule?"

"Usijali, mama. Kuna watu nimewaweka, wanapashughulikia."

Akasema hivyo, kisha akanikonyeza. Nikajua amemwajiri mtu wa kumwagilia. Nikamwombea dua jioni hiyo, jamani, kwa mdomo wangu huu.

Siku ya kurudi alituendesha kwa gari lake. Wifi alisoma kila kibao njiani kama mtoto wa darasa la kwanza. Tulipofika, kijana akamshika mkono, akampitisha sebuleni, akampitisha jikoni, na kwenye mlango wa nyuma akasema, "Fumba macho, mama. Nina zawadi yako."

Mama akafumba jicho lake jipya, akitabasamu.

"Haya, fumbua!"

Vitofali vya saruji. Vyekundu na vya kijivu, vimepangwa vizuri, sitasema uongo, kutoka mlango wa jiko mpaka ukutani. Hapakuwa na tuta, hapakuwa na mfereji, hapakuwa na shimo. Mkwaju haukuwepo. Pale uliposimama palikuwa pamekaa kitofali kama vingine, wala usingejua. Majirani walioalikwa wakapiga makofi.

"Mti tulilazimika kuutoa," kijana akaeleza, "mizizi ingevinyanyua. Lakini sasa hutajikwaa tena, mama! Na kazi ya jembe basi. Umehangaika vya kutosha, pumzika."

Wifi alisimama kizingitini. Jicho lake lilikwenda huku na huku, kisha likaona kitu cha kijani kwenye pembe, kwenye chungu kikubwa. Uso ukamng'aa. Akaenda, mkono wa kushoto ukipapasa hewani kutafuta kamba ambayo haikuwepo. Akafika, akafikicha jani, akanusa vidole.

Akanusa tena.

"Hilo halihitaji maji, mama!" kijana akapaza sauti kwa furaha. "Plastiki! Halifi!"

Nilifungua mdomo. Naapa nilikuwa na maneno ambayo kijana yule hajayasikia tangu azaliwe. Wifi akarudi, akanishika kifundo cha mkono kwa vidole vyake vya fundi cherehani, akabana.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Pamependeza. Panang'aa."

Tulipobaki wawili jikoni nikamuwakia. Nilimuuliza atamwambia lini, nikasema kijana akijua vitofali vitang'olewa kesho. Akatikisa kichwa.

"Na mkwaju nao atauotesha kesho? Alitaka kunifurahisha, wifi. Umeona alivyofurahi? Mtoto akinyea kiganja, hukikati."

"Hukikati, lakini unakinawa!"

Akacheka kidogo. Kisha akalia, kwa jicho zima na kwa jicho bovu, nami nikaacha kelele zangu. Akaniapisha nisimwambie. Kijana aliondoka alasiri akipiga mluzi.

Siku hizi Mama Majani ananunua majani sokoni. Wauzaji wanadhani anatania. Vile vitofali vinashika joto, na ukifungua mlango wa nyuma saa za mchana hewa inakuchoma uso. Ile kamba mafundi waliikuta, wakaifunga kwenye vyuma viwili iwe ya kuanikia nguo, mafundo yakiwa yaleyale. Mvua ya kwanza ilipokatika, nilimkuta amechuchumaa nje, pua inakaribia kugusa chini, anachungulia mianya kati ya kitofali na kitofali. Aliingoja miche siku tatu, nne. Mimi nilikwenda kumuuliza yule fundi wa vitofali. Akaniambia kwa majivuno kwamba chini ya mchanga ametandika nailoni nzito, shangazi usiwe na shaka, hapa gugu halitoki hata miaka ishirini. Nilimwambia wifi. Hakuchuchumaa tena.

Wiki iliyopita zamu ya jicho la pili ikafika. Kijana alimpigia mama yake, akakataliwa. Akapiga tena, akakataliwa. Ndipo akanipigia mimi. "Shangazi, zungumza naye. Daktari ni yuleyule, hospitali ni ileile. Anaogopa nini?"

Nikaenda na simu mkononi. Nilimkuta ua wa nyuma, amesimama kwenye kamba ya nguo. Jicho lililopona alikuwa amelifunika kwa kiganja. Lile bovu lilikuwa wazi, linatazama mbele. Mkono mwingine ulikuwa unateleza kwenye kamba, unafika kwenye fundo, unasimama, unaendelea, na midomo inataja: mnavu, mgagani, mlenda.

"Wifi," nikasema. "Ni kijana, kuhusu jicho."

Hakuondoa kiganja. "Hili lililopona linaona saruji tu. Nikilitibu na hili, nitakuwa nimebaki na saruji macho yote mawili. Niachieni hili. Mwambie naogopa kisu."

Nikaiweka simu sikioni.

"Anaogopa kisu, baba," nikamwambia.

"Lakini mara ya kwanza alikubali!"

"Mara ya kwanza alikuwa na kitu cha kwenda kukiona," nikasema, na nikakata kabla sijavunja kiapo. Sijui kama alielewa. Hajapiga tena. Nguo zilikuwa zimeshakauka, nikaanza kuzianua upande wangu, na wifi akasogea kidogo kunipisha, bila kuachia kamba.