Jua la Kikombe Kimoja

Neti ya kwanza niliyonunua ilikuwa nyeusi tititi, na niliichagua mwenyewe kwa kiburi changu. Muuzaji wa duka la pembejeo pale mjini Nakuru aliniuliza, "Mathe, unataka ya kivuli kiasi gani? Kuna ya nusu, na kuna nzito." Nikamwambia anipatie nzito. Kama ni kivuli, basi kiwe kivuli, mambo ya nusu nusu ya nini? Nikaibeba hadi Kiamunyi, nikaipinda kingo kwa cherehani yangu, ile ninayoshonea sare za shule, nikaitandaza juu ya nguzo nne nyuma ya nyumba. Halafu nikamwita mama mkwe wangu aje aone kazi.

Alikuja polepole, mkono wa kushoto ukiwa kwenye plasta. Aliinama chini ya neti, akanyoosha ule mkono mzima juu ya udongo, akautazama kwa muda.

"Kivuli cha mkono wangu kiko wapi?" akaniuliza.

Nikaangalia. Hakikuwepo. Chini ya neti yangu palikuwa giza tupu.

"Hapa miche itatafuta jua mpaka ikonde," akasema. "Kivuli cha mkono kinatakiwa kionekane, lakini vidole visihesabike. Rudisha hii kitu."

Ai! Nilikasirika, sitadanganya. Jasho lote lile, halafu rudisha hii kitu. Lakini niliirudisha, nikaja na ile ya nusu, nikaishona upya. Aliponyoosha mkono mara ya pili, kivuli kikaonekana pale udongoni, chepesi, vidole vimeshikana. Akatikisa kichwa kukubali. Tangu siku hiyo nimeona watu wengi wakipima kivuli kwa maneno ya dukani, na bado sijaona kipimo kinachoshinda ule mkono.

Watoto wangu humwita Shosho, yaani bibi, na mimi nitamwita hivyo hapa. Alikuja kwetu Januari baada ya kuanguka akitoka kukama, huko kwake Kuresoi, ambako alikuwa akiishi peke yake tangu afiwe na mzee wake. Alilala pale chini kwa muda kabla jirani hajamsikia. Mume wangu, ambaye ni dereva wa lori la safari ndefu, alimleta hospitalini, kisha nyumbani, kisha akashika barabara ya Malaba. Watoto walikuwa shule za bweni. Tukabaki wanawake wawili wenye midomo. Mimi ni mtu wa mdomo, sikatai, na yeye alikuwa na wake. Wanasema mafahali wawili hawakai zizi moja. Wajaribu na majike waone.

Katika mfuko wake alikuwa na nguo, picha ya eksirei, na matunda damu matatu, yale mekundu yenye mbegu nyingi. Yalikuwa ya mwisho. Mzee wake alikuwa amepanda mstari wa miti ya matunda damu kando ya lango, ugonjwa ukaingia, ukaiua mmoja baada ya mwingine, ukabaki mti mmoja uliozaa hayo matatu na kukauka. Aliyapasua mezani kwangu, akaosha mbegu, akazianika juu ya gazeti kivulini. Zilipokauka akazigawa mafungu mawili. Fungu moja tukasia. La pili akalifunga kwenye pindo la leso yake.

"Mbona usisie zote?" nikamuuliza.

"Mkulima hasii mbegu zote, mpaka za kwanza ziingie shambani," akasema, kana kwamba nimeuliza kwa nini watu huvaa viatu.

Mume wangu alimsihi kwa simu ahamie kwetu kabisa. Akakataa katakata. "Nitakaa mpaka mkono upone na miche iwe tayari. Miche ikiwa tayari, naenda kuipanda kwangu." Mimi nilikuwa jikoni nasikiliza. Moyoni nikasema, haya, heri, miezi mitatu si mingi. Leo naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyosema.

Kwa kuwa mkono wake ulikuwa umefungwa, wa kwangu ndio ukafanya kazi. Nilipasua paketi za maziwa, nikazijaza udongo na mboji, nikahamishia miche humo ilipopata majani manne. Nilimwagilia kwa mkebe niliotoboa kwa msumari, kwa sababu Shosho alisema maji ya jagi ni kumpiga mtoto kofi. Jua la Februari huku kwetu halina huruma. Udongo ni mwepesi, upepo unaupeperusha, na saa nane mchana sukuma wiki za jirani zilikuwa zimelala chini kabisa. Lakini ukiingiza mkono chini ya neti yetu, unasikia ubaridi wa udongo ulionyweshwa asubuhi. Nilikuwa nikienda huko hata bila sababu, nachuchumaa, naangalia. Kitambaa chenye matobo tu, jamani, na tofauti yote ile.

Shosho hakuwa mtu wa kukaa bure. Alikuwa akiketi kando ya cherehani, anageuza kola kwa mkono mmoja, anakata nyuzi kwa meno. Nikishona mshono ukaenda upande ananiambia fumua. Nikinuna ananicheka. Mchana ukifika ananiuliza, "Umekula?" Kila siku. Mimi nilifiwa na mama nikiwa kidato cha pili, na tangu hapo nilikuwa nimelisha watu wengi sana. Sikujua nilivyolikosa hilo swali mpaka lilipoanza kuulizwa kila mchana nyumbani mwangu.

Mwezi wa Machi miche ikafika urefu wa shubiri. Asubuhi moja Shosho akaniambia nipike chai, vikombe viwili, nilete nje.

"Toa neti," akasema.

Nikaitoa. Tukaketi kwenye viti vya plastiki, tukanywa chai polepole, jua la saa mbili likiwaka juu ya miche. Kikombe chake kilipoisha akasema, "Rudisha."

Hivyo ndivyo alivyofundishwa na mama yake, enzi walizokuwa wakifunika vitalu kwa nyasi na majani ya magugu. Mche uliolelewa kivulini hautupwi juani siku moja. Unaonjeshwa. Siku ya kwanza jua la kikombe kimoja. Ya pili, vikombe viwili. Unaongeza mpaka watu washindwe kunywa, halafu unapima kwa sufuria ya maharagwe, kutoka kuinjikwa hadi kuiva, halafu siku nzima. Miche ikistahimili siku nzima bila kulegea, iko tayari kwenda.

Nilipenda hesabu hiyo kuliko kitu chochote nilichowahi kufundishwa. Tuliketi, tukanywa, tukapiga domo. Siku ya kikombe cha tatu nikafungua mdomo kumwambia jambo la kuchekesha, na likanijia wazo: kila kikombe ninachomimina hapa kinamsogeza huyu mama kwenye lango. Miche iko tayari, yeye anaenda. Anarudi kwenye ile nyumba, kwenye zizi lile lile alikoangukia, peke yake. Na mimi ninarudi kula chakula cha mchana nimesimama jikoni. Chai ikanishinda.

Siku hiyo hiyo Shosho alishikwa na kifua. Daktari akampa dawa na akamwambia asitoke nje kwenye upepo, wiki mbili. Chumba chake kilitazama barabara, si bustani. Aliponiita asubuhi iliyofuata, shuka mpaka kidevuni, jambo alilotaka ni moja tu.

"Usinisahaulie miche. Leo ni vikombe vinne."

"Sawa, mama."

Nikaenda nje na chai yangu, nikaketi. Neti sikuigusa. Nilikunywa kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne. Chai niliinywa, huo ndio ukweli pekee uliokuwemo. Jioni akaniuliza, "Vikombe vingapi leo?"

"Vinne, mama."

Kesho yake nikasema vitano. Halafu sita. Halafu nikasema nimeinjika maharagwe. Wiki mbili nzima nilimdanganya mgonjwa kitandani, na kila jioni akasema asante, msichana wangu. Nilijipa maneno: mche hauumizwi na kivuli, si ndio? Utachelewa tu. Akipona nitamwambia haujawa tayari, atakaa mwezi mwingine. Na kwa macho miche ilikuwa inapendeza, mirefu, majani mapana laini kama sikio la mtoto. Ilikuwa ikitafuta jua, lakini mimi niliona inanawiri.

Siku aliyoinuka kitandani alitoka nje na leso kichwani, akasimama juu ya miche. Aliitazama sana. Akagusa shina moja kwa vidole viwili.

"Imekuwa mirefu," akasema. "Na umesema jana imekaa jua mpaka maharagwe yakaiva?"

Huo ndio ulikuwa wakati wangu. Mimi, mtu wa mdomo, niliyewahi kumnyamazisha makanga wa matatu hadharani, niliitikia kwa kichwa tu.

"Basi leo ni siku nzima. Toa."

Nikatoa neti kwa mikono yangu. Saa nne miche ikaanza kulegea. Saa sita majani yalikuwa yamelala. Nikakimbia na mkebe wa maji, Shosho akanizuia, akasema maji ya saa sita yatamalizia. Nikairudisha neti, lakini wapi. Saa tisa majani yalikuwa na mabaka meupe kama yaliyomwagiwa maji ya moto, na mashina, yale mashina marefu niliyoyasifu, yalikuwa yamepinda hadi kwenye ukingo wa paketi. Hata mmoja haukuinuka. Miti ya mzee wake yote, pale, kwenye paketi za maziwa.

Shosho alikuwa ameketi. Nikapiga magoti kwenye vumbi mbele yake, nikamwambia yote. Vikombe, maharagwe, kila kitu. Nililia vibaya, na makamasi.

"Kwa nini?" akauliza.

"Sikutaka uende."

"Ungeniambia nikae."

"Ungekaa?"

"La," akasema. "Lakini ningeenda nikijua."

Akainuka, akaingia ndani. Usiku ule hakuniuliza kama nimekula.

Asubuhi nilimkuta nje kabla yangu, amechuchumaa kwenye kitalu kitupu, anafungua pindo la leso kwa meno. Nilikuwa nimesahau kabisa, kwa sababu hofu hula akili. Zile mbegu zilimiminika kiganjani mwake, fungu la pili, nzima, kavu. Hakugeuka kunitazama.

"Lete udongo," akasema. "Na safari hii ukigusa vikombe vyangu nitakuchapa, na plasta inatolewa Jumanne."

Nilicheka na kulia kwa pamoja. Akaniambia niache kuchafua mbegu.

Sasa nilikuwa nimepewa kile nilichokiiba, miezi mingine mitatu, na nilipewa na mtu niliyemwibia. Sijui wengi wangefanya hivyo. Mimi nisingefanya, na ninajijua. Mvua za Aprili zikaja, tukaiinamisha neti upande mmoja ili matone makubwa yasivunje miche. Siku mvua ya mawe ilipopiga mabati kama kokoto, tulisimama dirishani tukatazama barafu ikidunda juu ya neti na kuteleza chini, miche ikiwa haina habari. Shosho alipiga makofi. Mkono wake ulikuwa umeshapona, angeweza kufanya kila kitu mwenyewe, lakini kazi ya neti aliniachia mimi. Ilipofika siku za kuonjesha jua, alinifanya nihesabu vikombe kwa sauti, mbele yake, na mimi mama wa watoto watatu nikahesabu.

Miche ilikuwa mifupi safari hii, mashina manene, majani madogo magumu. Nilijifunza kuona uzuri wake.

Siku ya mwisho niliitoa neti asubuhi. Saa nane, jua likiwa kali, niliinama nikaangalia kila paketi. Hakuna jani lililolegea. Niliangalia tena, na nakiri nilikuwa natafuta hata moja. Mume wangu alikuwa amerudi, na gari la rafiki yake la kwenda Kuresoi lilikuwa limeshapangwa.

Jioni Shosho aliketi kwenye kiti chake cha plastiki. Alikuwa hapo mchana kutwa, alikuwa ameona yote kwa macho yake, hata hivyo akaniuliza.

"Vikombe vingapi leo?"

"Siku nzima, mama," nikasema. "Na sitaki uende."

Aliushika mkono wangu kwa ule wa kushoto, uliovunjika, akaukaza.

"Nimesikia," akasema.

Asubuhi akaenda.